Saba Mara Nane

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka.
Tsiuri alitupanga kwenye mteremko mfupi chini ya kibanda,
akasema: lala chali, kichwa bondeni, jiachie.
Nami, na miaka yangu sitini na mitatu na goti bovu,
nikaporomoka kama gunia la viazi;
shoka la barafu nililikumbuka nimeshafika chini.
"Umekufa, mwalimu. Panda tena."
Nilikufa mara tano kabla ya chai.

Zamani, darasa la nne, shule ya Stepantsminda,
nilimsimamisha pembeni mwa ubao
kwa kosa la kuhesabia vidole chini ya dawati.
Yeye hajalitaja. Mimi ndiye ninayelibeba,
pamoja na soksi za akiba, jibini,
na mkate wa mke wangu ulioanza kuwa jiwe.

Jioni alikagua njumu za chuma tulizofunga viatuni,
akavuta kila ugwe. Wangu akaufungua, akaufunga upya,
kimya, kama anayesahihisha daftari.
Bakur wa duka la dawa alikoroma usiku kucha.
Dada yake, Lamara, alilala amekumbatia chupa za maji
zisigande.

Saa nane usiku. Kamba moja, watu wanne.
Mimi nyuma ya Tsiuri kabisa,
kama nilivyozoea kuwaketisha watundu dawati la mbele.
"Kamba isikanyagwe. Isilegee, isikaze.
Ufa ukimmeza mmoja, waliobaki wakae chini
waushike mlima kama wanavyomshika mdeni."

Theluji ililia chini ya buti, kwaru, kwaru.
Taa ya kichwani ilimulika hatua moja;
ya pili ilikuwa ya imani.
Tukavuka daraja la theluji, na kando yake
kiza cha samawati kilipumua,
mlango wa pishi ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Nilihesabu. Hatua mia, pumzika.
Sitini, pumzika.
Ishirini.
Tisa.
Kisha namba zikaanza kunitoroka
mojamoja, kama mbuzi wanaopenya ua,
nami sijui tena walikuwa wangapi.

Shingoni mwa mlima kulikucha, rangi ya pichi.
Kilele cha Mkinvartsveri kilikuwa palepale,
ukuta mmoja wa barafu, saa moja tu, pengine mbili.
Tsiuri akaninyanyua miwani, akanitazama machoni.
"Mwalimu. Saba mara nane?"

Nilicheka. Halafu nikatafuta.
Swali nililowauliza watoto miaka thelathini na minane
nikitembea kati ya madawati, rula mkononi!
Nilifungua kinywa, mlikuwa na upepo.
Nikaangalia mikono: mifuko miwili ya sufi,
hata vidole vya kuhesabia sikuwa navyo.
"Arubaini na... kitu."

Hakunisimamisha pembeni.
Alikaza fundo langu, akaigeuza kamba yote ielekee bondeni.
Bakur alitaka kubisha, akiba ya miezi kumi na moja,
dada yake akamgusa kiwiko.
Kamba ni kamba. Akigeuka mmoja, wamegeuka wanne.

Kushuka, Bakur alitangulia,
Tsiuri akabaki juu yangu, mgongoni,
akinishikilia kama ndama anayejifunza ngazi.
Sikuona kitu ila visigino vya Lamara
na aibu yangu, iliyokuwa nyepesi kuliko nilivyodhani.

Chini ya nyufa, barafu inapogeuka kijivu
na maji kusikika yakipita chini ya mawe,
jibu lilirudi lenyewe
kama paka aliyelala nje, bila haya.
"Hamsini na sita!" nikapaza sauti, bila kugeuka.

Kamba ikatetemeka kiunoni mwangu.
Alikuwa anacheka.
"Umechelewa, mwalimu.
Kaa chini. Toa huo mkate."